Kibubu, daftari, benki au simu: hela ya mtoto ikae wapi?

Mtoto wa darasa la nne anayepewa shilingi 1,000 za Tanzania kila siku ya shule anashika shilingi 5,000 kwa wiki. Akibakiza 200 kila siku, Ijumaa ana 1,000, na baada ya wiki 12 ana 12,000. Hiyo ni hela ya mpira wa kuchezea, au ya kompasi na madaftari kadhaa. Hadi hapo wazazi wengi tunakubaliana. Tunapokwama ni kwenye ile 200 ya leo: ikae wapi hadi kesho, na nani aishike?

Majumbani kwetu njia zinazotumika sana ni nne. Ya kwanza ni kibubu, kiwe cha mbao, cha bati au kopo tu lililotobolewa mfuniko. Ya pili ni mzazi kushika hela na kuandika kwenye daftari. Ya tatu ni akaunti ya mtoto benki, na ya nne ni kuiweka kwenye simu, mara nyingi kwenye laini ya mzazi. Wapo wanaoapa kwa kibubu na wapo wanaosema kibubu kimepitwa na wakati. Mimi naona kila njia inafundisha kitu kimoja vizuri na kingine vibaya, kwa hiyo kabla ya kuchagua inafaa ujue unataka mwanao ajifunze nini mwaka huu.

Vigezo

Nitazipima zote kwa maswali manne. Je, mtoto anaiona akiba yake ikikua? Je, hela iko salama, na hapa simaanishi wezi peke yao? Akiitaka anaipata vipi, na katika kuipata anajifunza kutumia? Mwisho, njia yenyewe inakula kiasi gani cha hela na cha muda wako? Swali la tatu ndilo ninalolipa uzito mkubwa, kwa sababu tumezoea kusifu mtoto anayeweka na kusahau kwamba siku moja atalazimika kutumia.

Mtoto anaona nini

Kwa mtoto wa chekechea hadi darasa la pili, kibubu hakina mpinzani. Anaisikia sarafu ikigonga chini, anakiinua na kukuta kizito kuliko jana. Namba za maelfu bado hazina maana kwake, uzito unayo. Tatizo la kile cha mbao kilichopigiliwa misumari ni kwamba ndani hakuonekani, na mtoto mdogo husahau asichokiona. Kopo la plastiki linaloonyesha ndani linamfaa zaidi, hata kama halina urembo. Siku hizi vinauzwa pia vibubu vilivyoandikwa viwango ubavuni, kila ukiweka unakata namba. Ni wazo zuri, ila viwango vingi ni vya watu wazima. Chukua karatasi, chora viboksi kumi vya shilingi 500, ubandike mwenyewe. Lengo la 5,000 mtoto wa miaka saba analifikia kabla hajachoka.

Daftari halimpi mtoto kitu cha kushika, lakini linamwonyesha jambo ambalo kibubu hakiwezi: hela ilikwenda wapi. Piga mistari upate safu tano: tarehe, imeingia, imetoka, sababu, salio. Mtoto aandike kwa mkono wake, wewe uhakiki. Akishaweza kujumlisha na kutoa, yaani kuanzia darasa la tatu hivi, anaanza kuona mwenyewe kwamba ubuyu na barafu za wiki mbili zilimgharimu bei ya kitu alichokuwa anakililia dukani. Ukimwambia wewe atasikia kelele tu. Akijisomea kwenye safu ya "sababu" hana wa kumbishia.

Benki ndiyo dhaifu zaidi kwenye kigezo hiki. Mtoto huambiwa ana hela benki kama anavyoambiwa ana babu kijijini ambaye hajawahi kumwona. Dawa ipo: mpeleke tawini akapange foleni na wewe, ajaze karatasi ya kuwekea fedha, aondoke na risiti, aibandike kwenye daftari. Simu nayo inaonyesha namba tu kwenye kioo, tena kioo cha baba. Mkiusoma pamoja ujumbe wa salio kila mwisho wa wiki inasaidia kidogo.

Usalama, pamoja na usalama dhidi yetu

Kibubu cha mbao kwenye sakafu ya udongo ni chakula cha mchwa. Panya hutafuna noti, unyevu wa pwani huziozesha, na siku ya kuhama nyumba vitu hupotea. Sarafu zinavumilia, kwa hiyo kibubu cha sarafu kina hatari ndogo kuliko cha noti. Kuna hatari nyingine ambayo watu hawaifikirii. Kenya noti za zamani za shilingi 1,000 zilikoma kuwa fedha halali baada ya 30 Septemba 2019. Tanzania, Benki Kuu ilitoa muda wa kubadilisha noti za matoleo ya zamani kuanzia Januari hadi mapema Aprili 2025. Noti iliyolala kwenye kibubu ambacho hakijafunguliwa kwa miaka inaweza kukuta muda umepita. Fungueni kibubu angalau mara moja kwa mwaka, mhesabu, mrudishe.

Akaunti ya benki ndiyo iliyo na ulinzi wa kisheria. Bodi ya Bima ya Amana ya Tanzania hufidia mwenye amana hadi shilingi 7,500,000 benki ikifilisika, na Kenya kiwango ni shilingi 500,000 za Kenya. Akiba ya mtoto haifiki huko, kwa hiyo kwa upande huu mzazi alale usingizi.

Daftari na simu ya mzazi vinategemea kitu kimoja: uaminifu wa mzazi. Hapa naomba tuseme ukweli, mzazi mwenzangu. Gesi imeisha usiku, mgeni kafika bila taarifa, mtoto mwingine ana homa na nauli ya kwenda zahanati haitoshi. Hela ya mtoto ipo pale kabatini, au ipo kwenye laini yako imechanganyika na yako. Unaichukua, ukijiambia utairudisha mwezi ukiisha. Nyumba ikikwama ni nyumba ya wote, na simlaumu mzazi anayekopa kwa mwanawe. Ninacholalamikia ni kuchukua kimya. Mtoto ambaye hela yake imechukuliwa mara mbili bila kuambiwa anajifunza kwamba hela ikiingia mkononi itumie haraka kabla hawajaichukua. Baada ya hapo hata ukimnunulia kibubu cha dhahabu hatatia kitu.

Ukibanwa, mwombe. Mwambie unahitaji kiasi gani, utarudisha lini, na uandike kwenye daftari mbele yake kama deni. Siku ikifika lipa, hata kama ni kwa mafungu mawili. Mtoto aliyewahi kumkopesha mama yake akalipwa kwa tarehe amejifunza kuhusu mkopo zaidi ya atakavyofundishwa darasani. Naye ana haki ya kusema hapana kwa sehemu ya hela hiyo, jambo gumu kwetu tuliolelewa kujua kwamba cha mtoto ni cha mzazi.

Simu ina hatari zake za ziada. Namba ya siri ikijulikana na wadogo zake, hela imekwisha. Jumbe za matapeli za "hela tuma kwenye namba hii" zinamfikia kila mwenye laini, na kijana wa miaka 14 ana haraka ya kubonyeza. Na kwa sababu laini ya mtoto husajiliwa na mzazi, ikitumika vibaya wa kwanza kuulizwa ni wewe.

Kuitoa na kuitumia

Uganda ulifanyika utafiti ambao kila mzazi angepaswa kuusikia. Wachumi Dean Karlan na Leigh Linden walijaribu mpango wa akiba uliohusisha shule za msingi 136. Wanafunzi waliweka hela zao shuleni kwenye masanduku yenye kufuli, na mwisho wa muhula wakarudishiwa. Kwenye shule nyingine walirudishiwa taslimu, waitumie watakavyo. Kwenye nyingine walipewa vocha za kununulia mahitaji ya shule tu. Ungetarajia vocha ishinde, kwani inamfunga mtoto asiponde hela kwenye pipi. Ilikuwa kinyume: waliojua watapata taslimu waliweka zaidi. Na pale ambapo wazazi nao walishirikishwa, watoto hao wa taslimu walinunua vifaa zaidi vya shule, na alama zao zikapanda.

Ninachokisoma mimi hapo ni kwamba mtoto huweka kwa moyo akiamini hela itabaki kuwa yake hata siku ya kutoa. Ukimwambia "weka, lakini utanunua ninachotaka mimi," umemtoza kodi, na watu wa umri wowote hukwepa kodi. Mzazi anabaki na kazi ya kushauri, na ushauri huo ulionekana kuwa na nguvu kweli.

Sasa zipime njia zetu nne kwa jicho hilo.

Kibubu kisichofunguka humlinda mtoto na tamaa ya siku hiyo, lakini kina siku moja tu ya kuamua: unakivunja, unapata zote, unazitumia zote. Mtoto hapati nafasi ya kutoa 2,000 akaacha 10,000. Ndiyo maana kwa aliyevuka miaka minane napendelea chenye mfuniko au kufuli ndogo, ufunguo ukae kwa mzazi na siku ya kufungua ijulikane.

Daftari ndilo bora kwa kutoa kidogo kidogo, na pia ndipo wazazi tunapoharibu. Mtoto anaomba 1,500 yake, tunaanza kumhoji: ya nini, una uhakika, juzi si ulinunua? Kwa mtoto, hela ya kuombea ruhusa namna hiyo imeshakuwa ya mama. Wekeni kanuni mapema. Kwa mfano, hadi 2,000 anatoa bila maelezo, anaandika tu sababu. Zaidi ya hapo anasubiri siku tatu, kisha akiitaka bado anapewa. Siku tatu zinatosha kuua tamaa nyingi.

Benki ni nzito kutoa, kwani mzazi ndiye mwenye sahihi na safari ya tawini inachosha. Kwa hela ya karanga ni mateso. Kwa hela ya kwenda kidato cha kwanza ugumu huo ni faida tupu.

Simu imelegea mno upande huu. Kutoa hakuna maumivu, na hela haionekani ikitoka. Bando la leo, bando la kesho, vocha ya rafiki, na bandu bandu huisha gogo. Kwa wavulana wa sekondari kuna na kubeti: sheria za michezo ya kubahatisha zinakataza walio chini ya miaka 18, lakini kijana mwenye simu na salio hakosi kaka wa mtaani wa kumwekea mkeka. Ukichagua simu, soma naye orodha ya miamala kila Jumapili bila kugomba. Kenya kuna M-Pesa Go kwa wenye miaka 10 hadi 17, ambayo mzazi ndiye anayeianzisha, na hiyo ni afadhali kuliko mtoto kutumia laini ya mtu mzima kwa siri.

Njia yoyote utakayoshika, mafunzo ya kutumia yanafanyika dukani na sokoni. Mtume na orodha na hela iliyozidi kidogo, chenji aihesabu mbele ya muuzaji. Mwulize kwa nini daftari moja la duka la jirani lina bei kuliko moja lililonunuliwa kwa dazani Kariakoo. Mwache alinganishe sukari ya kupimiwa na ya mfuko wa kilo. Na akinunua gari la plastiki likavunjika kesho yake, usimnunulie jingine na usimsute. Hasara ya 3,000 akiwa na miaka tisa ni ada ndogo sana ya shule.

Sikukuu zinataka maneno yake. Idi ikifika Zanzibar, mtoto hupokea hela kwa karibu kila ndugu anayempa mkono, na jioni iko safari ya viwanja vya Mnazi Mmoja. Ndani ya siku chache anaweza kushika zaidi ya alichoshika miezi mitatu. Kumwambia aweke yote ni kumnyima sikukuu. Gaweni kabla hajatoka: fungu la kufurahia, fungu la akiba, na fungu la sadaka kama nyumba yenu ina desturi hiyo. La kufurahia aliponde lote bila kuulizwa.

Gharama na kazi

Kibubu hakitaki chochote zaidi ya bei ya kukinunua, na kopo ni bure. Daftari ni la bei ndogo, lakini linadai dakika kumi kila wiki bila kukosa. Mzazi anayeondoka alfajiri na kurudi watoto wamelala asijidanganye kwamba ataliweza peke yake. Amkabidhi dada, shangazi au bibi aliyepo nyumbani.

Benki nyingi zina akaunti za watoto zenye masharti mepesi. NMB wana Mtoto Akaunti, na Chipukizi kwa wa miaka 13 hadi 17. CRDB wana Junior Jumbo. Kenya, KCB wana Cub na Benki ya Ushirika wana Jumbo Junior. Beba cheti cha kuzaliwa cha mtoto na kitambulisho chako. Kabla ya kusaini uliza: kianzio ni kiasi gani, kuna makato ya mwezi, kutoa kuna masharti gani, na akifika miaka 18 akaunti inageuka kuwa nini. Riba usiitegemee sana. Mfumuko wa bei Tanzania umekuwa ukicheza kwenye asilimia 3 hadi 4 miaka ya karibuni, na riba ya akiba ndogo inaweza isiufikie. Kwa familia zisizotaka riba kabisa kuna Amana Bank, huduma ya Al Barakah ya CRDB, na dirisha la Kiislamu la PBZ kule Zanzibar.

Simu hukata kwa wakala, na makato ya kutoa kiasi kidogo huchukua sehemu kubwa ya kiasi hicho. Kutia na kutoa 1,000 kila wiki ni kumnenepesha wakala.

Kulingana na hali yako

Kama mwanao yuko chini ya miaka minane, kopo linaloonyesha ndani latosha. Lengo liwe la wiki chache, na siku ya kulifungua mwende wote dukani.

Kama yuko darasa la tatu hadi la saba na unakaa naye nyumbani, ningeanza na daftari, huku sarafu zikikaa kwenye kibubu chenye kufuli. Mpe hela ya wiki nzima Jumatatu badala ya ya kila siku, akishazoea. Wiki za mwanzo Alhamisi atakuwa hana kitu. Hakikisha anakula nyumbani asubuhi, uvumilie.

Kama lengo ni la miaka, mfano vifaa vya kidato cha kwanza au chuo, au mna hela iliyoingia kwa mkupuo, iende benki. Hela ndogo za kila siku zibaki nyumbani, maana mtoto anahitaji za kufanyia mazoezi.

Kama yuko bweni, kibubu ni kualika wizi. Shule nyingi hutunza hela za wanafunzi kwa matroni au patroni. Mwombe mtoto awe na daftari lake sambamba na lile la shule, alinganishe salio kila anapochukua.

Kama mzazi uko mbali, Muscat au Nairobi, na unatuma hela nyumbani, simu haikwepeki. Tuma ya mtoto kwa muamala wake peke yake, mbali na ya matumizi ya nyumba, kisha mpigie umwambie kiasi. Akijua kilichotumwa, bibi na mjomba nao watajua kwamba anajua.

Na kama kipato chako ni cha siku, unauza chakula au unaendesha bodaboda, leo kipo kesho hakipo, usimwahidi mtoto kiwango cha kila siku utakachoshindwa kukitimiza. Mpe kwa siku unazopata, hata 200, na mwambie wazi siku ambazo hakuna. Kopo na daftari vinaendana na hali hiyo bila kukudai kianzio wala makato, na mtoto ataona kwenye safu ya "imeingia" kwamba kuna wiki nzuri na wiki mbaya. Ukianza kuona wiki nzuri zinamwachia zaidi ya 20,000, hapo ndipo pa kwenda kuuliza benki.